Msamaha Usiofika Nyumbani: Utoto wa Upweke wa Charles Dickens

Wengi wetu tuliopita sekondari tuliwahi kushika kitabu cha Oliver Twist, hata kama kilikuwa kile kilichofupishwa. Tunamkumbuka yule yatima aliyesimama na bakuli lake mkononi akaomba aongezewe uji, na jinsi wakubwa walivyoshtuka kana kwamba ametukana. Mwalimu alituuliza juu ya wahusika na dhamira, tukajibu, tukapata alama zetu, tukakifunga kitabu. Ni wachache walioambiwa kwamba mwandishi wake, Mwingereza Charles Dickens, alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuifahamu njaa ya mtoto asiye na mtu.

Katika insha hii tunataka kumsoma Dickens kwa swali moja tu: upweke wa utotoni ulimfanyia nini mtu huyu, katika vitabu vyake na katika nyumba yake? Hatuulizi kwa udadisi. Katika kazi ya uchungaji, na katika kuwafundisha wanaojiandaa kuwa wachungaji, tumeketi na watu wazima wengi ambao kidonda cha utoto wao bado ni kibichi, ingawa wamekifunika kwa bidii na utumishi. Baadhi yao ni wazee wa kanisa, baadhi ni walimu wa Shule ya Jumapili wanaopendwa sana na watoto. Tukiwasikiliza, mara nyingi tumemkumbuka Dickens.

Tuseme mapema tunakoelekea. Tunaamini kwamba upweke ulimpa Dickens huruma iliyowafikia watoto ambao hakuwahi kuwaona, lakini haukumpa msamaha kwa mama aliyemzaa. Riwaya zake zilijua kusamehe kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Na sababu yake, kwa maoni yetu, ni kwamba maumivu yale aliyaandika sana lakini hakuyasema.

Miezi ya kiwandani

Charles Dickens alizaliwa tarehe 7 Februari 1812 huko Portsmouth, mtoto wa pili kati ya wanane. Baba yake, John, alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya jeshi la majini. Miaka yake ya furaha aliipata katika mji wa Chatham, ambako alisoma shule na kujifungia na vitabu vya nyumbani, vikiwamo vile visa vya Alfu Lela Ulela ambavyo hata sisi tumevisikia. Mama yake, Elizabeth, ndiye aliyemfundisha herufi za kwanza, na baadaye hata mwanzo wa Kilatini. Tunaomba msomaji alishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Mwaka 1822 familia ilihamia London. John Dickens alikuwa mtu mchangamfu na mkarimu, lakini fedha hazikukaa mkononi mwake. Madeni yakazidi. Vyombo vya nyumbani vikaanza kupelekwa rehani, na vitabu alivyovipenda mtoto vikaondoka pamoja navyo. Shule ya Charles ikasimama, wakati dada yake Fanny alipata nafasi katika chuo cha muziki akaishi hukohuko. Mama akajaribu kuiokoa nyumba kwa kufungua shule. Kibao kikabandikwa mlangoni, matangazo yakasambazwa, lakini hakuja mwanafunzi hata mmoja.

Mwezi Februari 1824, siku chache baada ya kutimiza miaka 12, Charles alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu cha Warren, ndani ya jengo bovu lenye panya wengi kando ya mto Thames. Kazi yake ilikuwa kufunika vyungu vidogo vya dawa kwa karatasi, kuvifunga kwa uzi na kubandika lebo. Ujira ulikuwa shilingi 6 au 7 kwa wiki. Hazikupita siku nyingi, baba yake akafungwa katika gereza la wadaiwa la Marshalsea kwa ajili ya deni la pauni 40 na ushei alilodaiwa na mwoka mikate. Baadaye mama na watoto wadogo wakahamia gerezani kuishi naye, kama sheria ya wakati ule ilivyoruhusu. Charles akabaki nje, akilala katika nyumba za watu na kuzigawa senti zake mwenyewe ili zifike mwisho wa wiki. Jumapili alikwenda na Fanny gerezani kuwaona wazazi. Kwa hiyo huyu ni mtoto ambaye nyumbani kwao palikuwa gerezani, na hata huko hakuwa na mahali pa kulala.

Kiwandani alikuwapo kijana mkubwa kidogo kwake, yatima aliyeitwa Bob Fagin. Siku moja Charles alishikwa na maumivu makali ya ubavu. Bob alimtandikia nyasi kavu sakafuni, akajaza maji ya moto katika chupa tupu na kumkanda karibu nusu ya siku. Jioni ilipofika, Bob hakukubali mwenzake aende peke yake. Akasisitiza kumsindikiza hadi kwao. Charles aliona aibu kumwonyesha gereza. Walipofika karibu na daraja la Southwark alimpa mkono wa kwaheri kwenye ngazi za nyumba ya mtu asiyemjua, akijifanya ndiyo kwao. Bob alipogeuka kuangalia nyuma, Charles akabisha hodi, na mwanamke alipofungua akamwuliza kama hapo ndipo anapoishi Bwana Robert Fagin.

Msomaji wa Oliver Twist atakuwa ameshtuka kuliona jina hilo. Fagin ndiye yule mzee katika riwaya anayewafundisha watoto wizi. Kwa nini mwandishi alichukue jina la kijana aliyemkanda ubavu ampe mwovu? Wahakiki wamejibu kwa njia nyingi. Sisi tunadhani jibu liko katika zile ngazi za nyumba isiyo yake. Wema wa Bob ulimtisha Charles kwa sababu ulimkaribisha. Kuupokea kungekuwa kukubali kwamba sasa yeye ni mmoja wa watoto wa kiwandani na kwamba hakuna anayekuja kumchukua. Upweke una hila hiyo: humfanya mtu aukimbie hata mkono unaomsaidia, kwa sababu mkono huo unathibitisha kwamba ameanguka.

Mwisho wa mwezi Mei 1824 baba alitoka gerezani. Bibi yake Charles, mama yake John, alikuwa amefariki na kuacha urithi. Lakini mtoto hakuondolewa kiwandani. Aliendelea kubandika lebo, na kiwanda kilipohamia jengo jingine akawekwa karibu na dirisha ambapo wapita njia walisimama kutazama wepesi wa mikono yake. Hatimaye baba aligombana na ndugu aliyekuwa amempatia Charles kazi ile, na mtoto akarudishwa nyumbani. Siku iliyofuata mama alikwenda kusuluhisha ugomvi, akarudi na habari kwamba kijana anaweza kuendelea na kazi. Baba alikataa na kusema arudi shule.

Hilo ndilo neno lililobaki. Zaidi ya miaka 20 baadaye, Dickens aliandika kwamba haandiki kwa chuki, maana anajua mambo yote yale yalichangia kumfanya awe alivyo. Lakini hapohapo akaongeza kwamba hakusahau, hatasahau kamwe na hawezi kusahau kwamba mama yake alitaka arudishwe.

Siri ya miaka mingi

Tangu siku ile wazazi wake hawakulitaja jambo hilo tena, naye hakulitaja kwao. Alikuwa kijana wa ofisi ya wanasheria, akawa mwandishi wa habari za Bunge, na kabla ya kufikisha miaka 30 alikuwa mwandishi anayejulikana kuliko wote Uingereza. Lakini kwa muda mrefu hakuthubutu kurudi mahali kiwanda kilipokuwa, hadi majengo ya zamani yalipobomolewa. Ameandika kwamba kuipita njia ile ya zamani ya kwenda alikolala kulimtoa machozi hata baada ya mtoto wake wa kwanza kuanza kusema. Alipojaribu kukumbuka kazi ile ilidumu muda gani, hakuweza kusema kama ni mwaka mmoja, zaidi au pungufu. Kwa mtoto anayesubiri kuchukuliwa, kalenda haina maana.

Mwaka 1847 rafiki yake John Forster alimtajia kwamba kuna mzee aliyekumbuka kumwona Charles akiwa mtoto akifanya kazi katika ghala fulani karibu na barabara ya Strand. Dickens alinyamaza kwa dakika kadhaa. Wiki chache baadaye alimweleza Forster mambo yote, na maandishi yale akampa. Watoto wake hawakujua. Katika Krismasi ya mwaka 1869, iliyokuwa ya mwisho maishani mwake, familia ilikuwa ikicheza mchezo wa kukumbuka maneno, kila mmoja akiongeza la kwake. Zamu ya baba ilipofika alitaja jina la kiwanda kile cha dawa ya viatu na anwani yake, huku akiwa na namna ya ajabu machoni. Hakuna mtoto aliyeelewa, na mchezo ukaendelea. Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870. Ni Forster alipochapisha kitabu cha maisha yake ndipo watoto waliposoma, pamoja na watu wengine wote, habari ya baba yao. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Tunaitafakari sana Krismasi hiyo. Mzee amezungukwa na watoto wanaompenda, na siri iko ulimini. Ameitoa, lakini kwa namna ambayo hakuna anayeweza kuipokea.

Upweke uliogeuka kuwa huruma

Hata hivyo itakuwa dhuluma kusema kwamba kidonda kile kilizaa uchungu tu. Tuchukue A Christmas Carol, kitabu kidogo alichokitoa Desemba 1843, mwaka uleule alipokuwa ametembelea shule ya watoto maskini mtaani Field Lane, London, na kutoka akiwa amefadhaika. Wengi wanakijua kisa cha Scrooge, tajiri bahili anayetembelewa na roho usiku wa mkesha wa Krismasi. Wahubiri hupenda kukitumia kwa sababu ya mwisho wake, pale bahili anapokuwa mkarimu. Sisi tunataka kuutazama mwanzo wa badiliko lenyewe.

Roho wa kwanza hampeleki Scrooge kwenye dhambi zake. Anampeleka shuleni, ambako mtoto mmoja ameachwa peke yake wakati wenzake wote wamekwenda nyumbani kwa sikukuu. Mtoto huyo anasoma kando ya moto hafifu, na wanaomtembelea ni watu wa vitabuni, akiwamo Ali Baba. Scrooge anajitambua, anaketi na kulia. Kisha linakuja neno la kwanza la toba katika kitabu kizima: anatamani angempa kitu kijana aliyeimba wimbo wa Krismasi mlangoni pake jana yake, yule aliyemfukuza.

Huo ndio utaratibu wa kitabu. Machozi kwa ajili ya mtoto aliyekuwa yeye yanamfungulia macho amwone mtoto aliye nje ya mlango. Mara baada ya hapo anatokea dada yake mdogo aitwaye Fan, akikimbia kuja kumchukua na kumwambia kwamba baba amekuwa mpole kuliko zamani. Hatuhitaji kutafuta mbali kujua jina hilo lilitoka wapi. Dickens alimwandikia Scrooge siku ambayo yeye mwenyewe aliisubiri kiwandani: ndugu akitokea mlangoni kusema, njoo, twende nyumbani.

Na huruma hiyo haikubaki karatasini. Mwaka 1847, mwaka uleule alipoulizwa na Forster, alisaidiana na tajiri Angela Burdett-Coutts kufungua nyumba iliyoitwa Urania Cottage, iliyowapokea wasichana na wanawake waliotoka gerezani na mitaani, akaisimamia kwa miaka mingi. Mwaka 1858 alihutubia katika harambee ya hospitali ya watoto ya Great Ormond Street iliyokuwa katika hali ngumu, na fedha nyingi zikapatikana. Mtume Paulo, mwanzoni mwa Waraka wa Pili kwa Wakorintho, anafundisha kwamba tunafarijiwa na Mungu ili tuweze kuwafariji walio katika dhiki. Sehemu hii ya maisha ya Dickens tunaipokea kwa shukrani.

Mama aliyeondolewa kitabuni

Sasa tuje kwenye David Copperfield, riwaya iliyotoka kwa sehemu kila mwezi kati ya 1849 na 1850, ambayo mwandishi mwenyewe alisema ndiyo mtoto wake mpendwa kati ya vitabu vyake. Forster alipomwonyesha kwamba herufi za mwanzo za jina la David Copperfield ni zake mwenyewe zilizogeuzwa, alishangaa. Humo Dickens aliingiza kumbukumbu za kiwanda, sehemu nyingine karibu neno kwa neno kutoka maandishi aliyompa Forster, ila lebo za dawa ya viatu zikawa chupa za mvinyo.

Lakini tuangalie alichobadilisha. Mama wa David ni mwanamke kijana, mpole, dhaifu, anayemfundisha mwanawe herufi akiwa magotini pake. Kisha anaolewa na mtu mkali, Bwana Murdstone, na anafariki David akiwa shuleni. Baada ya mazishi ndipo mtoto anapopelekwa kiwandani, na anayempeleka ni baba wa kambo.

Kwa maneno mengine, Dickens alimgawa mama yake mara mbili. Yule aliyemfundisha herufi alimweka kitabuni akampenda. Yule aliyetaka arudi kiwandani hakumweka kabisa. Ilibidi mama afe kabla ya kiwanda, ili asiwepo siku ya kosa. Na mahali pake akawekwa shangazi Betsey Trotwood, ambaye David anamwendea kwa miguu kutoka London hadi Dover akiwa na matambara, naye anampokea, anamwogesha na kumlaza kitandani. Tumesoma sura hizo mara nyingi na kila mara zinatugusa. Lakini kama uhakiki una kazi, ni pamoja na kuona nani hayupo. Katika kitabu hiki chenye huruma kwa walevi, wadaiwa na wasichana walioanguka, hakuna nafasi ya mama aliyeogopa kuzipoteza zile shilingi 6 au 7 kwa wiki.

Hapa tunakumbuka Amri ya Nane, tuliyoikariri katika mafundisho ya kipaimara. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anatufundisha kwamba amri hii inatutaka tumtetee jirani na kuyaeleza matendo yake kwa wema. Elizabeth Dickens hakuacha maandishi ya kujitetea. Tunachojua ni kwamba alijaribu kufungua shule akashindwa, alimfuata mumewe gerezani, na aliona mshahara wa mtoto kuwa ni chakula. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hatuwezi kudai kwamba hakuumia kwa sababu tu mwanawe hakumwona akilia.

Msamaha ulioandikwa na nyumba iliyovunjika

Mwaka 1860 na 1861 Dickens aliandika Great Expectations, ambayo sisi tunaihesabu kuwa riwaya yake iliyokomaa kuliko zote. Pip, mtoto yatima, anadhulumiwa moyo na Bibi Havisham, mwanamke tajiri aliyejifungia nyumbani tangu siku alipoachwa na mchumba. Karibu na mwisho, mwanamke huyo anapiga magoti mbele ya Pip. Anampa karatasi yenye jina lake, amwombe siku moja, hata ikiwa baada ya kufa kwake, aandike chini ya jina hilo kwamba anamsamehe. Pip anajibu kwamba anaweza kufanya hivyo sasa hivi, kwa kuwa yeye mwenyewe amekosa mengi na anahitaji msamaha.

Hiyo ni Injili safi. Mdeni anamsamehe mdeni, kama tunavyoomba katika Sala ya Bwana. Na wakati Dickens akiandika sura hiyo, mama yake alikuwa hai bado. Alifariki mwaka 1863. Mwanawe alimtunza kwa fedha hadi mwisho, na hilo ni jambo la heshima. Lakini yale maneno makali ya hawezi kusahau aliyaacha kama yalivyo, mikononi mwa Forster, na ndiyo yaliyochapishwa.

Uchungu usiosemwa hutafuta pa kutokea. Mwaka 1858, baada ya miaka 22 ya ndoa na watoto 10, Dickens alitengana na mkewe Catherine na kutoa tangazo juu ya mambo ya nyumba yake katika gazeti alilolihariri. Katika barua iliyofika magazetini alidai kwamba watoto hawakuwa karibu na mama yao. Kwa mara ya pili, mama akatolewa nje ya kisa. Na watoto wake wa kiume aliwapeleka mbali mapema. Walter alikwenda India mwaka 1857 akiwa na miaka 16, akafariki Calcutta siku ya mwisho ya mwaka 1863. Edward, kitinda mimba, alipelekwa Australia mwaka 1868, naye akiwa na miaka 16. Baba alilia sana walipoagana. Alimwekea Agano Jipya kati ya vitabu vyake na kumwandikia barua ya kumsihi alisome.

Tunaamini machozi yale yalikuwa ya kweli, na Agano Jipya lile pia. Mtu huyu aliwaandikia watoto wake kitabu kidogo cha maisha ya Bwana Yesu, akakataza kisichapishwe. Kilitolewa mwaka 1934, watoto wake wote wakiwa wamekwisha kufariki. Hatumshtaki unafiki. Tunachosema ni kwamba mtu anaweza kuwalilia watoto wote wa ulimwengu na bado asimtambue mtoto anayempandisha melini, ikiwa yule mtoto wa zamani ndani yake hajawahi kufarijiwa.

Yusufu alipolia kwa sauti

Wakati tukiandika insha hii tumekuwa na Biblia wazi kwenye kitabu cha Mwanzo. Yusufu naye aliuzwa akiwa kijana, naye akawa mkuu. Mwanawe wa kwanza alimwita Manase, kwa kuwa Mungu alikuwa amemsahaulisha taabu yake na nyumba yote ya baba yake (Mwanzo 41:51). Lakini aliyesahau kweli hana haja ya kumpa mtoto jina la kukumbusha kwamba amesahau. Ndugu zake walipokuja, alijificha kwanza kulia chumbani. Mwishowe, katika sura ya 45, hakuweza kujizuia; akawatoa watu wote nje na kulia kwa sauti hata Wamisri wakasikia, kisha akawaambia yeye ni nani.

Na katika sura ya 50 anawaambia kwamba wao walikusudia mabaya, bali Mungu aliyageuza kuwa mema. Tuyaweke maneno hayo karibu na yale ya Dickens, kwamba mambo yote yalichangia kumfanya awe alivyo. Yanafanana sana. Tofauti ni kwamba Yusufu aliyasema mbele ya nyuso za waliomkosea, nao wakapata nafasi ya kulia naye. Dickens aliyaandika kwenye karatasi ambayo mama yake hakuisoma.

Luther naye alikumbuka, katika mazungumzo ya mezani, jinsi mama yake alivyomchapa hadi damu ikatoka kwa sababu ya njugu moja. Aliisema wazi mbele ya wageni, hakuifanya ndogo. Lakini alisema pia kwamba wazazi wake walimkusudia mema. Ni mtu huyohuyo aliyetuandikia maelezo ya Amri ya Nne, ya kuwaheshimu baba na mama. Kwa hiyo hatudhani kwamba kumheshimu mzazi ni kunyamaza juu ya maumivu. Kunyamaza ndiko kulikomshinda Dickens. Heshima inaweza kuanza siku mtu anapomwambia mama yake, au akiwa amekwisha fariki, anapomwambia Mungu mbele ya mchungaji au ndugu anayeaminika: iliniuma, na bado ninakupenda.

Kanisa letu lina mahali pa jambo hilo. Katekisimo Ndogo ina sehemu ya maungamo, na wengi wetu tumeisoma kana kwamba ni ya kutaja makosa tuliyotenda tu. Lakini kutosamehe nako ni mzigo wa kuungama, na mtu hawezi kuungama kutosamehe bila kwanza kusimulia alichotendewa. Wapo kati yetu waliopelekwa kuishi kwa ndugu wakiwa wadogo, wakalala jikoni na kuhesabiwa kila kipande cha mkate. Wapo waliotolewa shule ili mdogo wao asome. Leo ni watu wa kutegemewa, wanalipa ada za watoto wasio wao, na hawajamwambia mtu yeyote. Matendo yao ni mema na Mungu anayatumia. Hatutaki wayapunguze. Tunataka tu wasibaki kama mzee yule siku ya Krismasi, akitaja jina ambalo mezani hakuna anayelijua.

Tusome Dickens, basi, na tuwape vijana wetu wamsome. Tumshukuru Mungu kwa machozi aliyotufundisha kulia kwa ajili ya Oliver, David na Pip. Na tukisha kufunga kitabu, tuulizane majumbani, kwa upole, jinsi utoto wetu ulivyokuwa. Zaburi ya 27 inajua kwamba baba na mama wanaweza kumwacha mtu, na haimkemei anayesema hivyo. Inamwachia aseme, ndipo inamwambia kwamba Bwana atampokea.